Barua ya wazi: Tufungulieni baraza, mturudishie madaftari yetu

Kirumba, Mwanza

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya kumbi za umma na shughuli za utamaduni jijini kwetu,

YAH: KUFUNGIWA BARAZA LA USHAIRI NA KUZUILIWA KWA MADAFTARI 34

Waheshimiwa, shikamooni kwa mnaonizidi umri, na kwa wengine habari za kazi.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama mfanyabiashara hapa Kirumba. Mchana nauza nyavu, kamba na maboya. Usiku, mauzo yakishahesabiwa na watoto wakishalala, natunga mashairi. Sijawahi kulipwa hata shilingi moja kwa ubeti wowote, wala sikuuingia ushairi kwa kutafuta fedha. Ni mtunzi wa ridhaa, kama walivyo wenzangu ishirini na watatu walionituma niandike kwa niaba yao. Tumewaandikia barua tatu kwa njia ya kawaida, zikapigwa mhuri wa kupokelewa, na hapo ndipo safari yake ilipoishia. Hii ni ya nne. Tumeiweka hadharani kwa sababu milango ya ndani tumeigonga yote.

Kwanza niwaeleze tulichokuwa tukikifanya, maana katika kupita ofisi hadi ofisi nimegundua kwamba hakuna aliyewahi kutuuliza.

Julai 2019 tulianza kukutana kwenye baraza la ukumbi mdogo wa umma, ule wa mteremkoni, ambao ukikaa ngazini unaliona ziwa katikati ya mapaa ya bati na miamba. Ukumbi wenyewe hatukuuhitaji. Tulihitaji baraza lake tu: sakafu ya saruji, nguzo sita, mabenchi mawili. Mlinzi alitufungulia geti saa kumi jioni, na ilipotimu saa kumi na mbili na nusu tulifagia, tukarudisha mabenchi mahali pake, tukaondoka. Ruhusa ilikuwa ya mdomo, kutoka kwa msimamizi wa wakati ule. Kutoiomba kwa maandishi lilikuwa kosa letu na ninalikiri.

Siku yetu haikuwa Jumamosi yoyote ile. Kila mtu wa mwambao huu anajua kwamba dagaa huvuliwa gizani. Mvuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa hufuata mwanga, wavu ukawazunguka. Mwezi ukipevuka, ziwa lote huwa jeupe, taa hazina kazi, na mitumbwi hulala ufukweni kwa siku kadhaa. Hizo ndizo siku ambazo wavuvi hushona nyavu zao na kukaa na familia. Katika kikundi chetu wamo wavuvi sita, na wawili kati yao ndio waghani bora tulionao. Kwa hiyo tulikubaliana tangu mwanzo: tutakutana mara moja kwa mwezi, Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu. Wote tukaifuata kalenda ya wavuvi: mama lishe wa stendi, fundi cherehani, kijana wa bodaboda, muuguzi, wanafunzi wa sekondari na wa chuo, na Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mstaafu wa shule ya msingi. Siku yangu ya kwanza nilisimama na shairi la beti tano kuhusu mtumbwi uliorudi bila mtu. Nililiona limekamilika kabisa. Nilipofika mshororo wa tatu akainua mkono. "Binti yangu, hapo umezidisha. Hesabu." Nikahesabu kwa vidole mbele ya watu wote, nikapata mizani, yaani silabi, nane. Yeye akapata tisa. Kumbe neno mtumbwi nililipa mizani mbili, nalo lina tatu, kwa sababu ile m ya mwanzo inasimama peke yake: m-tu-mbwi. Wavuvi waliokuwepo wamelitamka neno hilo tangu utotoni, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulikata vipande namna ile. Jioni yote iliyobaki watu walikuwa wakihesabu: mtu, mbili, mlango, tatu, mkeka, tatu. Nilikwenda nyumbani nikalivunja shairi langu lote na kulijenga upya. Mpaka leo, mteja akiniomba kamba ya mtumbwi, kidole changu hugonga meza mara tatu.

Tulibishana pia. Mwalimu aliamini kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Wanafunzi wa chuo walimjibu kwa mfano wa Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, ambaye mwaka 1974 alitoa diwani ya Kichomi, ya mashairi huru, na kuwatikisa watunzi waliolelewa katika vina. Ubishi ule wa miaka ya 1970 ulifufuka upya juu ya mabenchi yetu mawili, na nani alikuwa na haki sitaki kuuamua hapa. Kezilahabi alifariki tarehe 9 Januari 2020. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 10, na Jumamosi yetu ikaangukia tarehe 11. Tulikuja tukiwa wanyonge. Mwalimu, yeye aliyepinga mashairi huru kwa miezi yote ile, ndiye aliyeomba asome. Alisoma moja taratibu, bila mahadhi, akiheshimu kila mahali mstari ulipokatika. Alipomaliza alisema tu, "Huyu alikuwa mtoto wa ziwa hili," akaketi. Mwezi uliofuata aliendelea kupinga kama kawaida. Lakini alisoma, na waliokuwepo hawajasahau.

Na kila mwezi wa Mei mwenzetu mmoja aliyefiwa na dada yake katika ajali ya meli ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996 alighani utenzi alioutunga mwenyewe. Kila mwaka aliuongeza beti chache. Mnajua wenyewe kwamba katika jiji hili karibu kila mtaa una nyumba iliyoguswa na msiba ule, na kwamba makaburi yako Igoma. Alipokuwa akighani, wapita njia walisimama getini, wengine wakavua kofia. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikifanyika pale. Sasa malalamiko yetu ni haya.

1. Tulifungiwa bila taarifa.

Jumamosi ya 25 Novemba 2023 tulifika kama kawaida, siku mbili kabla ya mwezi kupevuka. Geti lilikuwa na kufuli jipya na mlinzi alikuwa mgeni. Alitujibu kwa adabu kwamba ameagizwa asimruhusu mtu yeyote asiye na stakabadhi. Stakabadhi ya nini, hakujua. Hapakuwa na tangazo ukutani wala simu kwa yeyote kati yetu, ingawa namba zetu zilikuwa kwenye kitabu cha wageni kwa zaidi ya miaka minne. Jioni ile binti mmoja wa kidato cha tatu alikuwa amemleta mama yake amsikilize kwa mara ya kwanza. Walikuja na gauni la kanisani. Walisimama nasi barabarani hadi magharibi, kisha mama akamshika mwanawe mkono wakashuka kwenda kupanda daladala. Binti yule hajarudi kwetu tena.

Tumejaribu kwingine. Uani kwa mwenzetu, Mabatini, chini ya mwembe, lakini ua una wapangaji tisa na kila mmoja ana redio, na ni haki yao. Baa moja ilitukaribisha kwa moyo mzuri, ila wanafunzi hatuwezi kuwaingiza baa. Ufukweni tuliambiwa tuna mkusanyiko usio na kibali. Mvua za masika zilipoanza tulibaki tisa.

2. Madaftari yetu yako ndani.

Hili ndilo linalotuuma kuliko yote, na kama nafasi ingekuwa ya jambo moja tu, ningeandika hili peke yake. Katika stoo ya ukumbi ule lipo kabati la chuma tulilolinunua kwa michango ya shilingi elfu mbili mbili. Ndani yake mna madaftari 34, makubwa, yenye jalada gumu. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba shairi likishasomwa na kurekebishwa, mwenyewe analiandika kwenye daftari kwa mkono wake, anatia tarehe na sahihi. Pembeni wengine wanaandika maoni. Kuna kurasa ambazo Mwalimu amejaza pembe zote kwa kalamu nyekundu, na mtunzi chini yake akajibu kwa ubeti, Mwalimu naye akajibu kwa ubeti, mpaka ukurasa unaisha.

Mtasema kwa nini hatukuweka nakala. Vijana walipiga picha za kazi zao kwa simu. Wavuvi hawakupiga. Simu ya mvuvi haidumu. Inaanguka majini, inaingia unyevu, inauzwa msimu ukiwa mbaya. Kwao daftari lilikuwa ndilo hifadhi. Mmoja wao hakujua kuandika vizuri alipokuja mwaka 2019. Ukifungua madaftari yale kwa mfuatano utauona mwandiko wake ukinyooka mwaka hadi mwaka.

Mwalimu alifariki Februari 2024, miezi mitatu baada ya kufuli. Familia yake ilituomba mashairi yake isome siku ya arobaini. Tulikaa usiku mzima tukikusanya yaliyokuwa vichwani mwetu, huyu akitoa ubeti, yule akiukumbuka mshororo uliopotea. Tulipata kumi na moja kamili. Aliandika zaidi ya sitini. Mengine yako umbali wa mita ishirini kutoka getini kwenu, ndani ya kabati ambalo ufunguo wake ninao mimi mkobani ninapoandika barua hii.

Sisi wa ziwa hili tunajua inachogharimu maandishi kukaa bila kusomwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilipochapishwa kwa Kiswahili ulikuwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Miaka thelathini na mitano. Mzee yule angalau karatasi zake alikuwa nazo mwenyewe.

3. Ada tuliyotajiwa ni ya harusi.

Tulipouliza stakabadhi ni ya nini, tuliambiwa tulipe shilingi 250,000 kwa kila jioni, kiwango kilekile anacholipa mwenye harusi anayechukua ukumbi mzima, umeme, viti na jiko. Kwa watu 24 ni zaidi ya elfu kumi kwa kila mmoja, kila mwezi, kwa kukaa barazani. Wengi wetu hatuwezi.

4. Hatujibiwi.

Barua ya kwanza ni ya tarehe 8 Januari 2024, ya pili 22 Aprili, ya tatu 9 Septemba. Nakala zenye mhuri ninazo. Kati ya barua na barua nilifunga duka na kuja mwenyewe. Dirisha la kwanza waliniambia kikundi kisichosajiliwa hakitambuliki. Tukaandika katiba ya kurasa nne, tukachagua mwenyekiti na mweka hazina. Dirisha la pili waliisoma katiba, wakauliza kikundi kinaingiza kiasi gani kwa mwaka. Nikasema hakiingizi chochote. Wakaniambia basi fomu zile hazituhusu, kwa kuwa ni za wasanii wanaofanya kazi kwa malipo, nirudi dirisha la kwanza. Nilirudi. Aliyekuwepo siku ile alikuwa amehamishwa.

Najua kazi ya ofisi ni nyingi. Nami nina duka, wateja hunijia watatu kwa mpigo na kila mmoja ana haraka. Lakini mteja nisiye na bidhaa yake humwambia sina, ili asipoteze muda wake, akaitafute kwingine.

5. Wageni wakija tunaitwa, kisha tunakatwa beti.

Kabla ya kufungiwa, mara nne tuliitwa kutumbuiza katika hafla za umma. Tulikuja bila nauli na hatukulalamika, ilikuwa heshima. Lakini Machi 2023 mwenzetu fundi cherehani alileta shairi la beti saba kuhusu Mto Mirongo, unaopita katikati ya jiji na kuliletea ziwa kila tunachoutupia. Nusu saa kabla ya mgeni rasmi kufika, aliambiwa aondoe beti mbili za taka na mahali pake aweke majina ya viongozi waliohudhuria. Aliogopa, akafanya. Majina yakavunja mizani, akasoma huku sauti ikimkauka. Alikuja kikao kilichofuata akaomba radhi kwetu, na kwa mto. Aliziandika beti zake mbili kwenye daftari kama zilivyokuwa. Nazo zimo kabatini.

Waheshimiwa, nayajua majibu mnayoweza kutupa, maana mengine nimeyasikia dirishani.

Mtasema hakuna bajeti ya utamaduni. Hatujaomba bajeti. Hatuhitaji vipaza sauti, viti wala maji ya chupa. Mlinzi yupo pale tuwepo tusiwepo, na jua la saa kumi halina bili.

Mtasema ni suala la kelele na usalama. Mtu mmoja husimama na kusema, wengine hunyamaza. Kwa miaka ile yote hapajawahi kutokea ugomvi uliovuka mabishano ya vina. Kama kuna mkazi wa jirani aliyewahi kutulalamikia, tunaomba atajwe ili tumwendee tumwombe msamaha.

Mtasema tarehe zetu hazitabiriki, zinahama kila mwezi, na kitabu cha ukumbi kinataka siku maalumu. Hili nililiambiwa na kijana mwema sana pale dirishani, na aliamini anachokisema. Nilimjibu hivi: hakuna tarehe inayotabirika kuliko ya mwezi mpevu. Harusi huahirishwa, mikutano huahirishwa, mwezi haujawahi kuahirisha. Ninaweza kuwaletea leo Jumamosi zote kumi na mbili za mwaka ujao zikiwa zimechapwa kwenye karatasi moja.

Mtasema sanaa ya watu wa huku ni ngoma, tuwaachie pwani mashairi. Hili lilinisikitisha, kwa sababu linazitenganisha ndugu wawili. Nendeni Bujora, Kisesa, mwezi Juni wakati wa sikukuu ya Bulabo, mkawatazame wachezaji ngoma wa Bagika na wa Bagalu wakishindana. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Nguvu ya kuvuta watu iko pia katika maneno ya manju, yule kiongozi wa ngoma: anavyotunga, anavyomjibu mpinzani, anavyolificha fumbo watu walifumbue njiani wakirudi. Huyo ni mshairi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiimba nyimbo za kulimia ambazo mpaka leo nikizipima nakuta zina kipimo kisichoyumba. Mimi nilizipokea kwa Kisukuma nikaja kutunga kwa Kiswahili, na sijaona mahali palipo na mpaka kati ya hizo mbili.

Mwisho mtasema siku hizi kuna simu, tuwekeane mashairi humo. Tumefanya hivyo tangu kufungiwa, na ndivyo nilivyojua tulichopoteza. Ukituma shairi kwenye simu unapata mikono ya kupiga makofi. Hakuna anayekukatiza mshororo wa tatu akakuambia hesabu. Hakuna anayeguna mahali ambapo hukutarajia, ukajua hapo ndipo penye shairi. Kijana wetu wa bodaboda, ambaye barazani alikuwa akitetemeka karatasi mkononi, alituma utungo wake mzuri kuliko yote usiku mmoja, na kufikia asubuhi ulikuwa umezikwa chini ya matangazo ya mikopo na picha za salamu. Ushairi wa Kiswahili ni wa kinywa na sikio. Vina vimewekwa ili sikio livingojee. Pasipo sikio la mtu aliye mbele yako, ni sawa na kutupa wavu nchi kavu.

Tunachoomba ni hiki.

Kwanza kabisa, na bila kusubiri mengine, tupewe madaftari yetu 34 ndani ya siku kumi na nne tangu barua hii itoke. Hili halihitaji kikao. Mtuonyeshe mlango wa stoo, mkague kila tunachokitoa, tutasaini. Orodha ipo. Kama kabati limehamishwa, mtuambie lilikopelekwa. Kama madaftari yameharibika, mtuambie ukweli huo pia. Tunaweza kuubeba kuliko kutokujua.

Pili, tupewe ruhusa ya maandishi ya kutumia baraza, nasema baraza na si ukumbi, Jumamosi moja kwa mwezi, saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili na nusu. Siku ambayo baraza limeshalipiwa na mwenye sherehe tutahama bila neno, mradi tuarifiwe wiki moja kabla.

Tatu, pawepo kiwango cha ada kwa mikusanyiko ya ridhaa isiyotoza kiingilio. Kama bure haiwezekani kisheria, tuko tayari kuchangia shilingi 10,000 za usafi kila jioni na kupewa stakabadhi. Kwa kiwango hicho naamini mtawapata na wengine: kwaya za mitaa, wachoraji, vijana wa maigizo ambao nao wanahangaika na nyua za watu.

Nne, mkituita tena kwenye hafla, tutakuja. Ila shairi lisibadilishwe bila ridhaa ya mtunzi. Akiona hawezi kukubali, aruhusiwe kukaa kitini kwa heshima yake.

Haya yakitekelezwa, nitaandika hadharani vilevile kuwashukuru, kwa majina yenu na vyeo vyenu, na sitapunguza neno.

Wenzangu walitaka barua hii iwe na ubeti mmoja. Tuliutunga pamoja usiku wa juzi uani Mabatini, kila mtu mshororo wake, na fundi cherehani akapima:

Twabisha hodi jijini, wenye funguo twangoja,
Tumesimama jiweni, wazee, wana, pamoja,
Hatutaki cha thamani, Jumamosi, tena moja,
Turudisheni nyumbani, tulivike neno koja.

Jumamosi ya mbalamwezi ijayo tutakuwa hapo ngazini saa kumi kamili jioni. Tutakuja na mkeka wetu na ufunguo wa kabati. Geti likiwa wazi tutaingia na kuwasalimu. Likiwa limefungwa tutatandika upande wa barabara, kandokando, tusizuie njia ya mtu, na tutaanza na yale mashairi kumi na moja ya Mwalimu. Yeyote kati yenu akipenda kuja kusikiliza, nafasi yake ipo mkekani.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Muuza nyavu, Kirumba
Kwa niaba ya watunzi wa ridhaa 24

Nakala: Familia ya Mwalimu